Garasa na Turufu: Tahakiki ya Malumbano ya Mashabiki

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kuandika mengi juu ya mafumbo ya khanga, vijembe vya taarabu na malumbano ya washairi. Lakini yapo malumbano mengine ambayo kila siku yanapita masikioni mwetu bila ya mtu kuyapa nafasi katika kurasa kama hizi, nayo ni malumbano ya mashabiki wa michezo. Huenda sababu ni kwamba tunayahesabu kuwa ni makelele tu. Mimi siyaoni hivyo. Yana kanuni zake, yana mwenye kuanza na mwenye kujibu, yana kibwagizo kinachorudiwa mpaka kikachosha, na, jambo kubwa kuliko yote, yana hukumu: malumbano hayaishi mpaka mtu mmoja awe amehukumiwa. Hukumu hiyo ndiyo ninayotaka kuihakiki hapa, na mfano nilioukusudia ni ule unaotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko mwengine wowote.

Tarehe 24 Februari 2011 ilikuwa siku ya mwisho kwa timu za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, kubadilishana wachezaji katika msimu ule. Siku hiyo timu ya Memphis Grizzlies ilimtoa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam na Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile, ikampeleka kwa Houston Rockets. Pamoja naye alitolewa DeMarre Carroll, na juu yao ikaongezwa haki ya kuchagua mchezaji chipukizi wa raundi ya kwanza katika mwaka wa mbele. Kwa upande wake Memphis ilipokea watu wawili, Shane Battier na Ish Smith. Thabeet alikuwa ametimiza miaka 24 siku nane tu kabla ya hapo. Urefu wake ni mita 2.21. Katika uteuzi wa chipukizi wa Juni 2009 jina lake lilitajwa la pili katika majina yote. Sasa alikuwa mchezaji wa akiba, mtu wa pembeni mwa benchi, na wastani wake katika msimu ule pale Memphis ulikuwa pointi 1.2 kwa mchezo.

Papo hapo likaulizwa swali ambalo ndilo mlango wa malumbano yote ya aina hii: nani kashinda? Swali hilo lina ajabu yake. Huulizwa siku ile ile, wino wa mkataba haujakauka, na hujibiwa siku ile ile. Ni kama washairi wawili wamekaa kitako kulumbana na jaji akatoa tuzo kabla ya ubeti wa kwanza kumalizika. Hata hivyo, nikiyasikiliza vizuri malumbano ya siku ile, naona kwamba pande mbili za Memphis hazikuwa zikigombania Thabeet hasa. Upande mmoja ulisema kwamba kimo hakisomeshwi, kwamba wachezaji warefu huchelewa kukomaa, na kwamba huyu alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, basi apewe muda. Upande wa pili ulisema kwamba timu inaelekea katika mchujo wa ubingwa sasa, si mwaka wa kesho, na benchi inahitaji mtu mzima anayejua kazi. Kwa maneno yetu, huyu alisimama na "subira huvuta heri" na yule akasimama na "chelewa chelewa utakuta mwana si wako". Methali mbili zikipigana hazimalizani, maana kila moja ina kweli yake, na kila mtu huchagua ile inayolingana na hofu yake.

Hapa pana neno linalonisumbua. Sisi tulipopata habari ile hatukusema kwamba Thabeet amebadilishwa. Tulisema "ameuzwa". Ndivyo tunavyosema pia kwa mchezaji wa kandanda anayehama timu, lakini mwanakandanda hahami mpaka yeye mwenyewe akubali na atie saini yake. Katika ligi ya Marekani, isipokuwa wachache wenye kifungu maalumu katika mikataba yao, mchezaji huambiwa tu afunge mizigo. Mkataba wake ndio unaohamishwa, na mwili unaufuata mkataba. Kwa hivyo neno letu halikuwa sahihi, kwani fedha haikuwa ndiyo bei, lakini lilifika mahali ambapo neno sahihi lisingefika. Wamarekani wenyewe wamewahi kulisema jambo hili. Mwaka 1969 mchezaji wa besiboli Curt Flood wa St. Louis alikataa kuhamishiwa Philadelphia, akamwandikia kamishna wa ligi yao barua ya kukataa kufanywa mali ya kununuliwa na kuuzwa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, akashindwa mwaka 1972. Sisemi kwamba mtu anayelipwa mamilioni ya dola ni mtumwa. Kusema hivyo katika kisiwa ambacho soko lake la watu pale Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 ni kuwakosea adabu waliosimamishwa sokoni pale. Nasema tu kwamba shabiki anapouliza nani kashinda, katika swali lake watu wanne waliobadilishwa hawamo. Walioshinda au kushindwa ni wanunuzi.

Sasa tumtazame Battier, kwa sababu bila ya yeye hatuwezi kufahamu kwa nini upande wa haraka ulikuwa na nguvu. Kwa macho ya mtazamaji wa kawaida alikuwa mchezaji wa kadiri: hafungi sana, haruki sana, takwimu zake hazimvutii mtu. Mwaka 2009, mwezi wa Februari, mwandishi Michael Lewis alichapisha juu yake makala ndefu katika gazeti la New York Times, na makala ile naihesabu kuwa tahakiki bora, japo mwandishi hakuiita hivyo. Hoja yake ni kwamba kila Battier anapoingia kiwanjani timu yake hucheza vizuri zaidi, na wapinzani wake hucheza vibaya zaidi, ilhali karatasi ya takwimu haionyeshi kwa nini. Alikuwa akimkaba mfungaji mkubwa kwa kumsukumia kule anakotupa vibaya, na akimwekea mkono mbele ya macho wakati wa kutupa. Hayo hayana safu katika karatasi. Lewis alimsoma mchezaji kama msomaji mzuri anavyolisoma shairi ambalo uzuri wake haumo katika misamiati mizito, bali katika kitu fulani baina ya neno na neno. Naamini makala ile iliwafundisha mashabiki wengi namna ya kutazama. Na mtu huyu mmoja alipata bahati ya kusomwa hivyo. Mwenzake aliyebadilishwa naye hakuipata.

Kwani Thabeet alisomwa kwa namba moja tu, namba mbili. Aliitwa wa pili. Wa tatu alikuwa James Harden, wa nne Tyreke Evans, wa saba Stephen Curry, wa tisa DeMar DeRozan. Orodha hiyo ndiyo kibwagizo cha malumbano yote juu ya Thabeet, na kibwagizo hicho kina sifa ambayo washairi wataipenda: maneno yake hayajabadilika tangu mwaka 2009, lakini uzito wake umekuwa ukiongezeka mwaka hadi mwaka. Siku Thabeet alipopelekwa Houston, jina lililokuwa likiuma zaidi lilikuwa la Evans, ambaye alikuwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka 2010. Harden alikuwa bado mtu wa benchi kule Oklahoma City. Halafu Harden akapewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba mwaka 2012, na ya mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 2018. Curry akaipata hiyo ya ligi nzima mwaka 2015 na 2016. Kila tuzo iliyotolewa kwa hao ilikuwa ni fimbo ya ziada kwa mtu ambaye hakuwa amefanya kosa jipya lolote. Leo mtu akiyasimulia mabadilishano ya 2011 huyasimulia kama kwamba Memphis ilikuwa ikimtoa Curry. Huku ni kulisoma shairi kuanzia kituo na kurudi juu, na msomaji wa namna hii kila ubeti huuona umekosea kwa sababu haukuwa wa mwisho.

Wamarekani wana neno lao kwa mchezaji kama huyu, neno lenye asili ya kupasuka, kama puto. Sisi tuna neno zuri zaidi, nalo ni garasa. Vijana wa vijiweni wanalitumia kwa kila mchezaji aliyesajiliwa kwa mbwembwe akashindwa kucheza, na wengi wao wamesahau kwamba neno lenyewe limetoka katika karata. Garasa ni karata isiyo na hesabu. Ukizihesabu pointi mwisho wa mchezo, garasa hazikuongezei kitu. Lakini aliyewahi kukaa barazani na karata mkononi anajua jambo ambalo shabiki hulisahau: garasa la turufu hula ree la aina nyengine. Thamani ya karata haimo katika karata peke yake. Imo katika karata iliyofunuliwa mwanzoni mwa mchezo, ambayo mchezaji hakuichagua.

Katika meza ya Memphis turufu ilikuwa imekwisha kufunuliwa kabla ya Thabeet kufika, na kisa chake ni kisa cha malumbano mengine. Tarehe 1 Februari 2008 Memphis ilimpeleka nyota wake, Pau Gasol, kwa Los Angeles Lakers, na dunia nzima ya mpira wa kikapu ikacheka. Ilionekana kwamba mji umegawa almasi ukapewa kokoto. Miongoni mwa kokoto hizo ilikuwamo haki juu ya mdogo wake Pau, Marc Gasol, kijana mnene aliyeteuliwa wa 48 mwaka 2007. Lakers wakachukua ubingwa mwaka 2009 na 2010, na wacheshi wakazidi kucheka. Lakini yule wa 48 alikaa katikati ya timu ya Memphis akawa nguzo yake, na mwaka 2013 akatajwa mlinzi bora wa ligi. Nafasi hiyo hiyo ya katikati ndiyo Thabeet aliyoitiwa. Alipofika alimkuta Gasol ameishika, na kila mwezi uliopita nafasi ilizidi kuwa ya Gasol. Katika Februari 2010 Thabeet alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini, kwa timu ya Dakota Wizards. Hapakuwa na mchezaji aliyeitwa juu kiasi chake aliyewahi kuteremshwa hivyo kabla yake. Mashabiki wa mji ule ule waliocheka mwaka 2008 wakakosea, hawakuona haya kuhukumu tena upesi.

Lakini nisije nami nikawa wakili badala ya kuwa mhakiki. Kwetu tulikuwa na malumbano yetu juu ya jambo hili, na usomaji wetu haukuwa bora kuliko wa Memphis. Wao walimsoma kama namba, sisi tulimsoma kama bendera. Tulisema ameonewa, kocha hampendi, Mwafrika hapewi nafasi, na tulisema hayo wengi wetu bila ya kuwahi kumtazama akicheza robo moja kamili, maana michezo ile huchezwa usiku wetu wa manane. Takwimu zake hazikuwa njama. Katika miaka yake yote ya NBA alicheza michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2 na mipira ya kudaka 2.7. Kule chuo kikuu cha Connecticut alikuwa ukuta, na mara mbili, mwaka 2008 na 2009, alitajwa mlinzi bora wa mashindano ya vyuo ya Big East. Lakini kuzuia mitupo ya wanafunzi ni kazi moja, na kuwakabili wanaume wazima usiku baada ya usiku ni kazi nyengine. Tuliomtetea bila ya kumtazama tulimnyima kitu kile kile walichomnyima waliomtukana, yaani kutazamwa. Hata jina lake hatukulisoma. Thabit, waliloliandika Wamarekani kwa herufi zao Thabeet, ni neno letu la kila siku, na msomaji wa mashairi angetarajiwa kusita kidogo anapomwona mtu mwenye jina la uthabiti akitupwa kutoka Memphis kwenda Houston, Houston kwenda Portland, na baadaye kwenda Oklahoma City. Hatukusita. Tulikuwa tukihesabu bendera.

Na lipo jambo dogo ambalo katika malumbano yote sikulisikia, nami naliona ndilo shairi lenyewe. Battier alianza maisha yake ya NBA Memphis. Timu ile ilimwita wa sita mwaka 2001, ikamtoa kwa Houston mwaka 2006. Thabeet naye, alipofika Marekani akiwa kijana wa skuli, alisoma na kucheza Houston. Kwa hivyo siku ile ya Februari kila mmoja kati ya wawili hawa alikuwa akirejeshwa mahali alipoanzia, mmoja kwa shangwe na mwengine kimya kimya. Houston walimchezesha michezo miwili katika msimu ule na mitano katika uliofuata. Tarehe 15 Machi 2012 wakampeleka Portland pamoja na Jonny Flynn, ambaye katika uteuzi wa 2009 alikuwa wa sita, ili wampate Marcus Camby, mzee wa miaka 37. Camby naye aliwahi kuitwa wa pili, mwaka 1996. Namba mbili imebadilishwa kwa namba mbili, na waliolumbana hawakuona kitu zaidi ya umri.

Je, Memphis walikosea mwaka 2011? La. Tarehe 17 Aprili mwaka ule, mjini San Antonio, katika mchezo wa kwanza wa mchujo, Memphis walikuwa nyuma kwa 98 kwa 96 na sekunde zilizobaki hazikufika 30. Mpira ukamfikia Battier, aliyekuwa ametokea benchi, akatupa kutoka mbali, ukaingia. Memphis walishinda kwa 101 kwa 98. Timu ile ilikuwa imecheza michezo 12 ya mchujo katika historia yake yote na kufungwa yote 12; huu wa 13 ndio uliokuwa wa kwanza kushinda. Wakaiondoa San Antonio, timu iliyoongoza kundi lake, kwa michezo 4 kwa 2, kisha wakaipeleka Oklahoma City mpaka mchezo wa saba kabla ya kutolewa. Upande wa haraka ulipata haki yake yote kwa mtupo mmoja. Na kabla ya mwaka kwisha Battier alikuwa Miami, ambako alichukua ubingwa mara mbili, 2012 na 2013. Memphis walikuwa wamenunua miezi michache ya mtu mzima kwa bei ya miaka ya kijana, na miezi ile ilikuwa mizuri. Aliyekuwa pale hawezi kuambiwa kwamba alipunjwa.

Waliobaki ni wawili ambao malumbano hayakuwataja isipokuwa mwishoni mwa sentensi. Mshairi ajuaye kazi yake ananifahamu nikisema kwamba Carroll na Smith walikuwa maneno ya kujazia mizani. Kanuni za ligi huzitaka timu nyingi zinazobadilishana wachezaji zihakikishe mishahara ya pande mbili inakaribiana, kwa hivyo kila mpango mkubwa una watu wadogo waliotiwa ndani ili mstari utimie, kama mshairi anayeongeza "kwa hakika" au "ewe ndugu" pale silabi zinapompungukia. Houston hawakumweka Carroll. Alizunguka, akafika Atlanta, na katika msimu wa 2014 na 2015 akawa mmoja wa watano walioanza katika timu iliyoshinda michezo 60. Mwezi wa Januari 2015 timu ile ilishinda michezo yake yote 17, na ligi ikawapa wote watano kwa pamoja tuzo ya mchezaji bora wa mwezi wa upande wao. Majira ya joto ya mwaka ule Toronto ikamwandikia mkataba wa dola milioni 60. Smith, ambaye hakuteuliwa na timu yoyote mwaka 2010, alicheza katika timu 13, idadi ambayo hakuna mchezaji mwengine wa NBA aliyewahi kuifikia kabla yake, na mwaka 2023 alikuwa katika kikosi cha Denver kilichochukua ubingwa. Sidhani kwamba mtu yeyote katika Februari 2011 alipaza sauti kwa ajili yao, wala sikusudii kumlaumu mtu kwa hilo. Neno la kujazia halipigiwi makofi. Lakini mhakiki anayehukumu ubeti bila ya kulisoma neno hilo hajausoma ubeti.

Thabeet alijiunga na Oklahoma City Julai 2012, na kwa miezi mitatu yeye na Harden, wa pili na wa tatu, walivaa jezi moja. Mwezi wa Oktoba Harden alitolewa, akapelekwa Houston. Malumbano ya biashara ile hayajesha mpaka leo. Thabeet alibaki, akacheza michezo 66 katika msimu wake wa kwanza pale na 23 katika wa pili, na mwezi wa Agosti 2014 akapelekwa Philadelphia pamoja na fedha taslimu, ili Oklahoma City wajipatie nafasi katika hesabu zao za mishahara. Philadelphia walimwacha baada ya siku chache, hakuwachezea hata mchezo mmoja. Mara hii sikusikia mtu akiuliza nani kashinda.